Vidole vya Marlys

Ukijiuliza kwa nini kompyuta mpya bado inatii vitufe vya enzi za bibi yako, kamuulize Marlys Tveit, fundi wa programu niliyekaa naye meza moja hapa Seattle hadi tukaota mvi. Bosi wetu kijana, Brennan, alimwamuru afute, kwenye programu yetu ya kuendesha kompyuta, njia ya kale ya kubandika maandishi yaliyonakiliwa: kushika kitufe cha Shift na kubonyeza cha Insert.

"Nani bado anaitumia, mama? Marehemu?"

Marlys akafuta. Jumatatu simu za wateja zikalia bila kukoma. Mpokea simu wa zimamoto alikuwa analia: "Nabonyeza, anwani haiji! Nyumba inaungua, na vidole vyangu havijui njia nyingine!"

Brennan, mjuaji yule, akaja mbio. "Irudishe, mama, nakuomba!"

Marlys akafungua toleo la zamani, akanakili mistari ya programu aliyoifuta, akabonyeza kuibandika. Patupu. Akabonyeza tena kwa nguvu.

"Marlys!" nikafoka. "Umeshika Shift! Si umeifuta njia hiyo mwenyewe?"

"Najua," akasema, machozi yakimdondokea kwenye kibodi. "Najua." Na vidole vyake vikabonyeza tena vilevile.