Kiuno cha Piramidi

Miaka ya tisini nilifundisha jiografia katika shule moja ya wasichana mjini Kisumu, na hakuna somo nililolipenda kama piramidi za idadi ya watu. Ile ya kitabuni ilikuwa ya miaka ya nyuma: watoto wengi chini, wazee wachache juu, pande zikipungua taratibu kama paa la nyasi. Wanaume kushoto, wanawake kulia. Niliwaambia wasichana wangu: msiitazame tu, isomeni. Ikitanuka, ulizeni kwa nini. Ikibonyea, ulizeni nani ameondoka. Nilikuwa hodari wa kuuliza mambo ya nyumba za watu.

Jumamosi moja nilikwenda kwetu, upande wa Bondo, na mambo mawili kichwani. La kwanza, kuchora piramidi ya boma letu iwe mfano darasani. La pili, kumwambia Mama kwamba nimepata kazi Nakuru, shule nzuri, nyumba ya mwalimu yenye maji ya bomba. Hili la pili nililiahirisha tangu mlangoni.

Mama alikuwa uani akichambua maharagwe, wajukuu wamemzunguka. Walikuwa watoto wa kaka zangu wawili. Kaka hao na wake zao walikuwa wametutoka mmoja baada ya mwingine, kwa ugonjwa ambao siku hizo hatukuutaja jina. Walizikwa pale pale bomani, kando ya nyumba zao.

"Mama, hapa kuna watoto wangapi?"

Mikono yake ikasimama. "Nyithindo ok kwan," akanikemea. Watoto hawahesabiwi. Kuwataja kwa idadi ni kukiita kifo kije nacho kihesabu. Nilikuwa nalijua hilo tangu utotoni, lakini elimu ina kiburi chake.

"Basi usitaje idadi. Nipangie tu."

Nilichora mistari vumbini. Tukakubaliana: punje ya mahindi ni mwanamume, ya haragwe ni mwanamke, wadogo chini, wakubwa juu. Hilo halikumkera, kwani vitu hivyo viwili alivichemsha pamoja karibu kila wiki. Alipanga kwa upole, akilinong'ona jina la kila mtoto. Chini pakajaa. Juu akaweka haragwe lake, na kando yake punje ya Baba, marehemu wa siku nyingi. Katikati akaniweka mimi, kisha akaendelea: mahindi mawili, maharagwe mawili.

"Mama, hao hawapo."

"Wako wapi basi? Walihama?" Akayaonyesha makaburi kwa kidevu. "Hao wako hapa hapa nyumbani."

Nilimweleza polepole kwamba piramidi ni ya walio hai. Akaziokota punje za marehemu moja moja, ya Baba ikiwa ya mwisho, akazifunga kwenye ncha ya leso yake. Yaliyobaki nikayasoma: chini watoto tele, juu bibi mmoja, na katikati kiuno chembamba, haragwe moja tu. Nililia mbele ya watoto wote wale. Nilikuwa nimesoma piramidi za nchi za watu miaka mingi bila hata kupenga kamasi.

"Huyu amekonda sana," Mama akasema, akiligusa lile haragwe la katikati. "Atabeba hawa wote?"

Hapo ndipo nilipomwambia habari za Nakuru. Hakukasirika, afadhali angekasirika. Aliuliza tu kama maji ya bomba ya huko ni matamu, halafu akayainamia tena yale mavumbi.

"Hawa watoto wa chini, watakaa tu hapo chini?"

"Hapana, Mama. Kila baada ya miaka mitano wanapanda ngazi moja."

"Hata kama mimi siko?"

"Hata kama hupo."

Akashusha pumzi. "Basi, binti yangu, wewe wangoje tu hapo katikati. Wakifika, utaenda."

Nakuru walipata mwalimu mwingine. Watoto walipanda, ngazi baada ya ngazi, na mdogo wao wa mwisho alipofika katikati, mimi nilikuwa nimeshapanda hadi pale Mama alipoliweka haragwe lake.