Nembo Nilizobandika kwenye Majembe ya Mama

Mama yangu alikuwa akiuza majembe sokoni Bunda, na naomba nianze kwa kujisifu kwa niaba yake, kwa sababu yeye mwenyewe hakuwa na tabia hiyo. Mimi ninayo. Kuanzia Nyasura pale pale mjini mpaka Bugwema huko mashambani, mwanamke aliyetaka jembe la kudumu alielekezwa kwenye meza yetu. Hatukuwa na kibao wala rangi ya ukutani. Watu walisema tu, nenda kwa yule mama wa majembe ya springi.

Springi ni za malori. Wakati wa shida, madukani kulikuwa na rafu tupu na muuzaji anayepiga miayo. Jembe la kiwandani lilikuja kwa mgao, na mgao ulitaka ujuane na mtu. Malori nayo yalikuwa yanakufa moja moja kwa kukosa vipuri, yanaachwa pembeni mwa barabara mpaka majani yanaota ndani. Wahunzi wa Musoma wakaona mbali. Springi ya lori ni chuma kigumu, kimezoea kubeba mizigo. Wakaanza kuikata, kuichoma na kuifua mpaka inakuwa jembe. Baba yangu alikuwa mmoja wa wahunzi hao. Alipofariki, mama aliendelea kuchukua majembe kwa wenzake, akayaleta Bunda.

Kwetu hakuna aliyenunua jembe bila kuligonga. Lilitundikwa kwa kamba kwenye tundu la mpini, likagongwa kwa kokoto, na kila aliye karibu akanyamaza. Jembe zuri linalia, sauti inakwenda, inakwenda, unaweza kuvuta pumzi mbili kabla haijaisha. Bovu linasema ko, basi. Mwanaume ndiye aliyetoa hela, lakini kugonga ilikuwa kazi ya mwanamke, maana yeye ndiye atakayeinama nalo shambani. Nimewaona wanaume wazima wamesimama na hela mkononi kama watoto, wanamsubiri mke amalize kusikiliza.

Kisha ikaja ruksa. Biashara zikafunguliwa, na soko likajaa vitu mpaka mtu hujui uangalie wapi: redio, betri, sabuni za rangi zote, na majembe mapya yanayong'aa. Kila jembe lilikuwa na nembo ya karatasi, ya bluu na dhahabu, yenye muhuri na maneno kwamba limekaguliwa. Ndipo hapo na neno feki lilipoingia sokoni kwetu, na watu wakaambiwa dawa ya feki ni kuangalia nembo.

Basi wanawake wakaacha kugonga. Wanawake wale wale! Walikuja mezani kwetu, wakageuza jembe mbele na nyuma, wakauliza, "Nembo yake iko wapi?" Ukiwaambia wagonge, wanacheka kistaarabu na kwenda meza ya pili. Wengine walifunika nembo kwa nailoni na kuifunga kwa uzi ili isilowe na mvua, wakalima hivyo hivyo. Jembe linakunja mdomo kwenye kichuguu cha kwanza, lakini nembo iko safi, haina hata tope. Nilikasirika mpaka nikashindwa kula vizuri.

"Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza," mama alisema.

"Mama, hiki kizuri chetu kina wiki tatu hapa, hakijajiuza."

Alichukua kitambaa, akayafuta majembe vumbi kama kawaida yake.

Nikaenda Musoma. Nilikuwa nimeshaolewa, nina mtoto mmoja, na nilijiona mtu mzima wa kutosha kumwokoa mama yangu. Nilitaka kuona hayo majembe yenye nembo yanatoka wapi. Kwenye duka moja la jumla nikakuta mwenye duka ana mkasi na bunda la karatasi za bluu na dhahabu. Alikuwa akizikata huku anaongea na wateja, kama mtu anayechambua mchicha.

"Unachukua na nembo au bila nembo?" akaniuliza.

"Kwani nembo zinauzwa?"

"Dada, siku hizi kipi hakiuzwi?"

Ningepaswa kutoka pale na kwenda kusema kwa wakubwa. Sikwenda. Nilinunua karatasi moja yenye nembo saba, nikaificha ndani ya khanga, nikarudi Bunda. Mama alipokwenda kuswali, nikazibandika kwenye majembe saba yaliyokuwa mbele. Nilijiambia kwamba simwibii mtu. Majembe ni ya kweli kuliko ya kwao wote, na uongo ni wa karatasi tu. Yote saba yaliondoka kabla ya wiki kuisha, na nilitembea pale sokoni kichwa juu.

Wiki iliyofuata nikaleta karatasi ya pili. Nikiwa nabandika, mama akasimama nyuma yangu. Mama hakujua kusoma, ila macho yake yalikuwa mazima. Alipitisha ukucha juu ya nembo.

"Hii nani kakagua?"

"Serikali."

"Serikali ilikujaga lini hapa?"

Alivuta kigoda akakaa, na hakupaza sauti hata kidogo. Bora angenipiga.

"Miaka yote hii watu wanachukua jembe kwa neno langu," alisema. "Leo wewe, mtoto niliyemzaa, umewaambia neno langu halitoshi."

Alizibandua zote kwa mkono wake, pale pale, watu wanaona. Kisha akanitajia waliochukua yale saba, mmoja mmoja, na wanakokaa. Hakuandika popote, alikuwa anajua jembe gani limeenda kwa nani. "Utakwenda kwao wote," akasema. "Utawaambia kwa mdomo wako. Asiyelitaka tena, mpe jingine au rudisha hela yake."

Nilikwenda. Watano walikuwa Nyasura na maeneo ya karibu, na wengi wao walinicheka tu. Mmoja alikataa nisibandue nembo, akasema anaipenda ilivyo. Wa sita alinitukana na nikastahili. Wa saba alikuwa mama mmoja wa Bugwema, na huyo ndiye aliyenitoa jasho, maana jembe lake halikuwa kwake. Alilipeleka Butiama kwa wakwe. Mwanawe alikuwa anaoa, na pamoja na ng'ombe, walitakiwa kumpelekea mama wa binti jembe jipya, kwa kuwa wanamchukulia mtu aliyekuwa akimsaidia kulima.

"Binti, achana nalo," alinisihi. "Wakisikia kwenye mahari yetu mna feki, nitaweka wapi uso wangu? Hata ndoa inaweza kuvunjika."

"Jembe si feki, mama. Nembo ndiyo feki."

"Na wao watajuaje tofauti?"

Kwa kweli nilitamani kurudi nyumbani na kumdanganya mama kwamba nimemaliza. Lakini nilijua ataniangalia mara moja tu na atajua. Yule mama wa Bugwema alipoona sibadiliki, alijifunga khanga ya pili akasema basi tunakwenda wote, kama ni aibu aione kwa macho yake.

Tulipofika Butiama, mama wa binti alikuwa uani anapepeta ulezi, na jirani zake wawili wako naye. Jembe lilikuwa ndani, bado halijatiwa mpini, nembo yake imefungwa kwa nailoni. Tukasalimiana, tukakaribishwa, tukapewa maji. Nikaona nikingoja zaidi nitashindwa, nikapiga magoti mbele ya yule mama nikasema yote bila kupumzika: kwamba nembo ni ya uongo, imebandikwa na mimi, na huyu mwenzangu hakujua lolote. Kwamba jembe lenyewe ni zima, na kama ana shaka nitamletea jingine kesho.

Jirani mmoja akaguna. Mama wa binti aliweka ungo chini. Akaingia ndani, akatoka na jembe. Alitoa nailoni, akapitisha kamba kwenye tundu, akaokota kokoto pale uani, akagonga.

Sijui nieleze vipi. Sauti ile ilitoka, ikakaa pale uani, na wanawake wote watano tukaisikiliza mpaka mwisho wake. Nilimkumbuka baba yangu, nikajisikia fahari kiasi cha kuniuma kifuani, na wakati huo huo nikajisikia aibu, kwamba kitu kama hiki mimi nilikiona kinahitaji karatasi. Mwenzangu wa Bugwema alifumbua macho.

Mama wa binti alibandua nembo taratibu, akaniwekea kiganjani.

"Wewe ni mtoto wa nani?"

"Wa yule mama wa majembe ya springi, sokoni Bunda."

Alivua kamba, akaliegemeza jembe ukutani na kurudi kwenye ulezi wake.

"Ungeanza na hilo," alisema, "wala nisingejisumbua kugonga."