Alhamisi ya Mjomba Yaw

Mjomba wangu Yaw Brefo alikuwa hawezi kuona programu mpya akaiacha ipite. Ni fundi friji hapa mtaani kwetu Bantama, mtu mzima mwenye mvi zake, lakini mwambie kuna kitu kipya cha kupakua simuni, ataweka bisibisi chini na kuliacha friji la watu wazi. Alikuwa na programu ya kumkumbusha kunywa maji. Alikuwa na nyingine ya kupima usingizi, ambayo kila asubuhi ilimwambia amelala vibaya, naye akashinda mnyonge siku nzima ingawa alikuwa amekoroma hadi majirani wakalalamika. Kuna moja ilijidai kutambua mimea. Aliipigia picha majani ya magimbi aliyokuwa akichambua mkewe, ikasema hilo ni ua la kupambia sebule.

“Afua, unajua kumbe tunakula mapambo?”

“We kula tu, Yaw. Ukipendeza tutakuona.”

Mimi nilikuwa namwona mjinga, na nilimwambia. Hakunisikia.

Kisha akapata ya kalenda. Unaiandikia tarehe yoyote, inakuambia ilikuwa siku gani. Akaandika tarehe yake ya kuzaliwa, ile ya kwenye kitambulisho: kumi na mbili Juni, 1962. Ikamjibu, Jumanne. Kwetu hilo si jambo dogo. Mtu huzaliwa na jina lake, la siku aliyozaliwa. Wa Alhamisi ni Yaw, wa Jumanne ni Kwabena. Bibi yangu aliyemzaa hakujua kusoma, lakini siku ya uchungu wake aliijua vizuri sana. Tarehe ilibuniwa na mwalimu siku Mjomba alipoandikishwa shule, na serikali ikaifuata hiyohiyo. Afua alicheka mpaka akakaa chini.

“Bwana Kwabena, fufu iko tayari!” akawa anaita kutoka jikoni. “Kwabena, kuna mteja hapa anamtaka Yaw. Nimwambie kahama?”

“Afua, niache.”

“Nikuache vipi? Miaka yote hii nimelala na mume asiye wangu!”

Afua alifariki ghafla, shinikizo la damu. Simu yake iliibwa palepale hospitalini, Mungu awaone waliofanya hivyo. Kilichobaki ni sauti zake katika simu ya Mjomba, maana hakupenda kuandika. Akiwa sokoni alirekodi na kutuma: nyanya zimepanda, rudi mapema, Kwabena umefunga gesi? Mjomba alikuwa akizisikiliza asubuhi kabla ya kazi. Lakini simu ilikuwa imejaa maprogramu yake. Ndipo akakuta huduma moja mtandaoni, ya bure, iliyoahidi kuhifadhi sauti za wapendwa milele. Akajiandikisha. Ilipomuuliza tarehe ya kuzaliwa, akakasirika.

“Safari hii naandika ukweli,” akaniambia. Akafungua kalenda, akateua Alhamisi. Akahamisha sauti zote. Huduma ikampongeza, ikamwambia sasa anaweza kuzifuta simuni apate nafasi. Akazifuta. Nafasi ilipopatikana akapakua programu ya hali ya hewa. Nikiikumbuka hiyo hali ya hewa nataka kulia.

Huduma ilipobadilishwa, kila mtu akatakiwa kuingia upya. Neno la siri Mjomba alikuwa amelisahau. Wakataka tarehe ya kuzaliwa na picha ya kitambulisho.

“Uliandika Alhamisi gani?” nikamuuliza.

“Alhamisi, Kwaku. Alhamisi ni Alhamisi.”

“Zipo kibao, Mjomba! Ya mwezi gani?”

“Ya msimu wa mvua. Mama alisema mvua ilikuwa inanyesha.”

Tukajaribu Alhamisi za Juni, tukajaribu za Mei, mpaka akaunti ikafungwa kabisa. Akatuma kitambulisho. Wakajibu kwamba tarehe hazilingani, na hawawezi kuthibitisha kuwa yeye ndiye yeye. Akawaandikia barua ndefu kuwaeleza habari za mwalimu, na mvua, na Yaw na Kwabena. Jibu lilelile likarudi kabla hajarudisha simu mfukoni.

Na hapo Maame Serwaa, mama yake Afua, alikuwa anasubiri. Bibi huyo macho yamemwisha, na siku ya mazishi alikuwa amelazwa, hakumzika mwanawe. Mjomba alikuwa amemwahidi kwamba siku ya kutimiza mwaka atamsikilizisha sauti ya Afua. Bibi aliishi kwa ahadi hiyo. Kila aliyemtembelea alimwambia, “Mwanangu ataniongelesha.”

Siku ikafika. Tukavaa nyeupe, kanisa likajaa, tukarudi nyumbani kula. Mjomba akanivutia nyuma ya majokofu mabovu, simu mkononi, uso umemchangamka.

“Wamejibu! Safari hii maneno mapya. Nisomee, miwani nimeacha.”

Nikasoma. Waliandika kwamba mwenye akaunti akifariki, mrithi wake anaweza kufunguliwa akaunti hiyo, akituma cheti cha kifo.

“Mrithi wangu ni nani?”

“Mimi. Mtoto wa dada yako,” nikasema, maana kwetu mtu hurithiwa na mpwa wake.

“Basi nikifa utamsikia. Si haba.” Akajaribu kucheka. Halafu nikaona kicheko kinamtoka usoni. “Kwaku, kwenye cheti cha kifo wataandika tarehe gani ya kuzaliwa?”

Nilijua. Naye alijua. Wataandika ya kwenye kitambulisho, ya Kwabena.

“Kwa hiyo hata nikifa,” akasema.

Nilitamani kuitupa simu ile kwenye mtaro, lakini ndiyo iliyokuwa imebaki. Akaichukua mkononi mwangu, akaipangusa kioo kwa ncha ya vazi lake jeupe.

Upande wa pili wa uwanja, Maame Serwaa alikuwa amegeuziwa kiti kutuelekea, mkono mmoja ameukinga sikioni.

“Yaw! Haijafunguka tu?”

“Bado, Mama,” akamjibu kwa sauti kubwa. “Mtandao unasumbua.”

“Haya, mwanangu. Ninangoja.”