Majani Kumi na Mawili ya Mti wa Mwisho

Pale maabara walimwita Mama Twanga, kwa kuwa miaka kumi na tisa kazi yake ilikuwa kutwanga majani kwenye kinu kidogo cha kauri na kutoa vinasaba, vile vinavyoonyesha mti huu ni ndugu wa upi. "Huyu hata ukimpa jiwe atalikamua," wenzake walimtania, naye akacheka, kichwa kikimvimba kidogo.

Ijumaa moja mtafiti, binti wa rika la mwanawe, alimkabidhi mfuko wa majani kumi na mawili. Yalitoka kwenye mti ulioangushwa na upepo kilimani, wa mwisho wa aina yake.

"Shangazi, tia kwenye friza kubwa sasa hivi."

Binti hajafika mlangoni, simu ya Mama Twanga ikaita: mama yake mzazi ameanguka bafuni. Akausukumiza mfuko kwenye friji ya kawaida, akatoka mbio. Wikendi yote akawa hospitalini na mama yake aliyevunjika nyonga.

Jumatatu alikuta kingo za majani zimeanza kuwa nyeusi. Akafunga mdomo, akaanza kazi.

Majani yalikuwa magumu kama soli ya kiatu. Yakisagika yalitoa ute mzito kama wa bamia, ukageuka kahawia na kuvinasa vinasaba humo humo. Akatia chumvi kukata ute, akaosha mara tatu, akazungusha kwenye mashine. Tope tupu. Jani la pili, la tano, la tisa, siku baada ya siku, yale yale. Kwenye la kumi na moja nyuzi nyeupe za vinasaba zilielea ndani ya spiriti, moyo ukamruka. Kipimo kikaonyesha vimekatikakatika, havisomeki. La mwisho alilitwanga polepole. Halikutoa kitu.

Ndipo akamweleza mtafiti habari ya friji.

"Shangazi, ungeniambia Jumatatu ile ile. Mti ulikuwa bado mbichi. Ningerudi kuchuma mengine."

"Na sasa?"

"Wameshauchoma mkaa."

Hakumgombeza. Afadhali angemgombeza.

Wiki iliyofuata alipewa majani machanga ya muhogo. Vinasaba vikatoka mara moja, vyeupe, safi.

"Mambo si hayo!" wenzake wakapiga makofi.

Akavua glavu, akaingia chooni, akafungulia bomba mpaka mwisho ili wasimsikie analia.