Kifurushi Chepesi cha Kupimia Mwani

Programu yangu ya kuandikia uzito wa mwani ilikuwa tayari, kilichobaki ni kuifunga. Programu ya kompyuta haiendi dukani uchi. Inataka zana ya kukusanya faili zake, kuzitia saini na kuzifanya kifurushi ambacho duka la programu la mtandaoni litakubali kukipokea. Mimi ningeibeba kwa flashi hadi kijijini Msuka yakaisha. Lakini katibu wa kikundi cha wakulima wa mwani kule alikuwa hataki kusikia flashi: ya mwisho iliingiza kirusi kikafuta majina ya wanachama wote.

"Itoke dukani," aliniambia. "Na Alhamisi mbele ya kikundi isipofunguka, sisi tunarudi kwenye daftari, na wewe unarudi Wete."

Zana zilikuwa mbili, zote za bure. Hilo lilinisumbua. Kitu cha bure hakina pa kukishika ukaanza kubishana nacho. Nikashindanisha uzito. Ya kwanza ilitoa kifurushi cha megabaiti mia mbili kasoro kidogo. Ya pili, kumi na mbili. Nikatazama tena: kumi na mbili. Na mwani umetufundisha kwamba mzigo mzito umebeba maji. Nikachukua chepesi, nikakijaribu mara mbili, zote mbili nyumbani kwangu Jadida, hapo hapo Wete, penye intaneti. Duka likakipitisha.

Jumatatu katibu akaibeba kompyuta hadi Micheweni penye mtandao mzuri, akapakua, akairudisha Msuka kwenye banda la kikundi, ambako mtandao ni wa kupigia simu tu. Akapiga.

"Inasema inatafuta."

"Inatafuta nini, Bi Katibu?"

"Waniuliza mimi? Kitu chako, wewe ndiye wa kujua kimepoteza nini."

Nikasoma maelezo ya zana ile ya pili, safari hii hadi chini. Nusu ya vitu iliviacha nje, programu ivifuate mtandaoni siku ya kwanza kufunguliwa. Nilikuwa nimechukua gunia nusu, nikalisifu kwa wepesi.

Nikafunga upya kwa zana ya kwanza. Nikazima intaneti, nikajaribu mara mbili. Duka likapitisha Jumatano mchana, na katibu akaenda tena Micheweni, akanipigia akiwa huko.

"Saa nzima inashuka tu hii."

"Imekuja na vyake vyote, Bi Katibu."

"Kama bi harusi, basi. Na makabati."

Alhamisi nilikwenda mwenyewe. Akaifungua, ikafunguka. Gunia likapandishwa kwenye mizani, namba ikaingia mahali pake. Hakuna aliyepiga makofi. Mwanachama mmoja akauliza kama umeme ukikatika namba itabaki. Nikachomoa waya, kompyuta ikazimika; nikawasha tena, namba ipo.

"Tutaijaribu," akasema katibu. "Bamvua moja, wiki mbili tu hadi maji makubwa yajayo, halafu tuonane."

Nikasema msimu mzima.

"Bamvua moja."

Nikashuka hadi miezi mitatu.

"Bamvua moja, mwanangu."

Nimeshabishana na wengi sokoni, na mtu aliyefika bei yake ya mwisho namjua kwa macho. Nikakubali.