Mama Elinipendo na Choo cha Wasichana

Kamati ya shule yetu huku Old Moshi inajua kazi moja tu: kunywa soda. Wanaingia ofisini kwa mwalimu mkuu, wanasifiana, wanashiba maandazi, kisha wanawatangazia wazazi kwamba shule ni salama. Wakibanwa na haja wanapewa ufunguo wa choo cha walimu.

Mwaka huu sisi wazazi tulimchagua Mama Elinipendo aingie humo. Ni mjane, anauza ndizi Kiboriloni, anafuga ng'ombe wawili, na mdomo wake hauna breki. Mjukuu wake Rachel, wa darasa la sita, alikuwa hanywi hata chai asubuhi, asije akabanwa na mkojo shuleni. Alikuwa akishinda amejizuia, mpaka akaugua na kulazwa hospitali ya Mawenzi.

Kwenye kikao chake cha kwanza, Mama Elinipendo aliukataa ule ufunguo. Akaenda choo cha wasichana. Mashimo yamefurika, funza wanapanda ukutani, mlango hakuna, na mavi yametapakaa mpaka nje. Akarudi ofisini na viatu vyake vilevile, akakanyaga sakafu iliyotoka kupigwa deki.

"Nani kati yenu amewahi kuingia kule?"

Mwenyekiti, Mzee Sifael, mstaafu anayependa kuitwa mheshimiwa, akatoa leso akaziba pua.

"Mama, unanuka. Rudi zizini kwako, kamati siyo ya wakamua maziwa."

Wenzake wakacheka, halafu wakakubaliana kwamba kwenye mkutano wa wazazi choo kisitajwe. Funika kombe mwanaharamu apite, ndiyo dini yao hao.

Jioni ya kuamkia mkutano nilikuwa kwa Mama Elinipendo nikisubiri maziwa. Mzee Sifael akaja na wazee wawili, mkononi ana jani la isale. Huku kwetu ukiletewa isale huna budi kusamehe, hata kama ni damu iliyomwagika. Naye alilijua hilo vizuri sana! Jani la babu zetu, amelichuma ili amzibe mama wa watu mdomo. Nilitamani kumtemea mate.

Mama Elinipendo akalipokea kwa mikono miwili.

"Ulinitukana, na umekuja kuniomba radhi. Nimekusamehe, baba. Yameisha."

Mzee Sifael akashusha pumzi, akatabasamu. "Basi kesho mambo ya choo tuyaache."

"Kesho nasimama nasema yote. Kisha nawapeleka wazazi wakakione wenyewe, na wewe utatangulia."

"Lakini mama, isale umeshapokea!"

"Nimeipokea kwa ajili ya lile tusi, mzee wangu. Mavi hayaombewi radhi. Yanazolewa."