Kiti cha Irma Kivela

Irma Kivela alikata nywele zikawa fupi kama za mvulana mwaka alioanza zamu za usiku katika nyumba yetu ya kulelea watoto wenye ulemavu hapa Thunder Bay, Kanada, na hakuzifuga tena. Hakuvaa hereni wala mkufu. Mikono yake ilijaa makovu ya meno, na shemeji zake walipomtania kwamba amefuga mbwa mkali, alicheka nao.

Kila aliyekuwa mgeni kazini, Irma alimfundisha jambo lilelile: mtoto akikung'ata, usivute mkono. Usukumie kinywani, taya zitalegea zenyewe. "Ukivuta, kaka, utamwachia nyama," alimwambia Brody, kijana mrefu tuliyeletewa wakati wa baridi.

Aliyeng'ata sana wakati huo alikuwa Desmond. Ana usonji, hasemi, na akiwa na miaka kumi na mitatu alitushinda sote nguvu. Polisi walikuwa wameshaitwa kwa ajili yake mara mbili. Ofisi ilisema wakiitwa tena, atapelekwa hospitali ya milango ya kufuli, mbali na mama yake aliyekuja kila Jumapili kumkata kucha.

Usiku mmoja theluji ilikata umeme, na feni ya Desmond, ambayo hawezi kulala bila mlio wake, ikanyamaza. Nilikuwa juu na watoto wengine niliposikia kioo kikivunjika. Nilishuka na tochi. Desmond alikuwa amempiga Irma kichwa puani, damu inamtiririka kidevuni, na sasa amemng'ata Brody begani. Brody akavuta. Nyama ikachanika. Akambwaga mtoto kifudifudi, akamkandamiza mgongo kwa goti.

Irma akamwambia aondoke, mtoto hapumui.

"Afe tu, shetani huyu," Brody alisema, akazidi kukandamiza.

Miguu ya Desmond ikaacha kurukaruka. Irma akanyanyua kiti cha jikoni, akampiga nacho Brody kichwani. Hakutoka. Akampiga tena, Brody akaanguka. Irma akamlaza mtoto ubavu, akamgongagonga mgongo kwa kiganja mpaka akakohoa na kuvuta pumzi.

Brody akajikokota hadi mlangoni, akawapigia polisi.

Walipoingia waliuliza ni mtoto yupi leo. Irma akawahi kujibu.

"Hakuna mtoto hapa. Mimi ndiye niliyempiga huyu kijana. Kiti kile pale, kina damu yake. Niandikeni mimi."

"Na hiyo pua je, mama?"

"Hii ni yangu. Sina malalamiko nayo."

Brody akavuta jaketi juu ya bega lililong'atwa, alijua goti lake lilikuwa wapi. Wakamfunga Irma pingu na kumtoa nje akiwa na soksi tu, nikamkimbizia viatu kwenye theluji.

Tukio liliandikwa kwa jina lake. Ofisi ilimfukuza wiki hiyohiyo, na mahakama ikamkataza kufanya kazi na watoto tena. Brody alirudi kwao. Desmond yupo katika chumba chake kilekile. Juzi amenivunja kidole.